Ile Haikuwa Rangi, Shemeji

Bwana Mhariri, mimi ni mtu mchafu. Sisemi mchafu wa nguo. Nguo zangu mke wangu anazifua vizuri, na kanzu yangu ya Ijumaa haina doa. Nasema mchafu wa ndani, na uchafu huo nimekuja kuujua juzi juzi tu, ndiyo maana unaninukia mpaka chakula hakipiti.

Jina langu sitalitia. Lakini wa hapa Kilindoni watanijua kabla hawajafika katikati, maana mlango ninaotaka kuusema ulikuwa mmoja tu Mafia nzima, na mtu aliyekuwa akijishaua nao asubuhi na jioni ni mimi. Basi na wanijue. Potelea mbali!

Kazi yangu udereva. Bwana wangu ana mashamba ya minazi, asili ya wazee wake ni Omani, ila yeye na baba yake wamezaliwa hapa hapa na Kiswahili chao ni hiki hiki chetu. Alipopata gari lake dogo jeusi alilijengea banda la mawe. Kisha akaenda Dar es Salaam, akaona kwa tajiri mmoja mlango wa banda la gari usiofunguka kwa bawaba, akarudi hana usingizi mpaka naye akaagiza wa kwake.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nene zenye fremu ya chuma. Ukiufungua hauendi pembeni. Unainuka mzima mzima, unakwenda kulala chini ya dari, juu ya gari. Kinachouinua ni springi mbili ndefu, moja kila upande. Mlango ukiwa chini springi zimevutika, ukishika mpini tu zinajikunja, na mlango unapanda kwa mkono mmoja. Bila springi, wanaume wanne wangetoka jasho.

Wallahi watu walikuwa wanakuja kuutazama! Bibi mmoja wa Bweni, kaja kuuza mikeka yake, aliniona nikiuinua akaruka nyuma. "Mwanangu, una jini humo?" Nikamwambia, "Jini ni mimi, bibi." Nikauteremsha, nikaupandisha tena, ili arudi kwao akasimulie.

Sasa nimtaje mtu wa pili, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Ni kaka wa mke wangu. Nitamwita Shaibu, silo jina lake. Alikuwa mlinzi wa banda na uwanja wa Bwana, na mikono yake haikukaa bure hata siku moja. Alikuwa akikaa kizingitini, mgongo ukutani, anashona kofia. Si kofia za mchezo! Zile za vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi, ambazo mtu huvaa harusini na kwenye Idi na akazikwa zenyewe bado nzima kabatini. Watu walikuwa wanamwagizia kutoka Unguja.

Na gazeti hili lako, Bwana Mhariri, likifika na meli, Shaibu ndiye aliyekuwa akitusomea barazani baada ya Alasiri. Alisoma kwa sauti, na kila mtu kwenye habari alimpa sauti yake. Tulikuwa tunacheka mpaka kahawa inamwagika.

Haya. Kwetu hapa chuma hakikai. Upepo una chumvi, ukuta una chumvi, ukijilamba mdomo ni chumvi. Kufuli ulilonunua mwaka huu mwakani unalivunja kwa jiwe. Springi za kwanza za mlango ule nazo zikachoka. Zikalegea, kulabu zake zikaliwa zikawa nyembamba, na mlango ukawa haukai juu, unateremka wenyewe polepole huku gari bado linatoka. Bwana akasema, "Hizi zimekwisha. Naagiza nyingine Dar."

Zikafika wakati Bwana yuko njiani kwenda Unguja kwenye harusi ya jamaa zake. Tulikutana pale pwani, yeye anapanda mashua kuifuata meli, springi zinateremshwa. Akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Zifunge zote mbili pamoja, na zifunge na mafuta yake hivyo hivyo. Usiyafute. Mafuta hayo ndiyo roho yake." Nikasema, "Vyema, Bwana."

Vyema! Ulimi huu!

Nikazipeleka bandani, nikafungua karatasi ya nta. Ptuu! Grisi nzito, rangi ya manjano iliyokaribia kahawia, imejaa kwenye kila pete ya springi, inavutika kama makamasi. Mkono wangu ukazama humo. Mwili ukanisisimka. Na hamali mmoja aliyenisaidia kubeba akatema mate pembeni, akasema, "Unajua hiyo ni nini? Shahamu ya nguruwe hiyo. Wazungu mashine zao zote wanapakia hiyo."

Lahaula! Nilitupa springi chini.

Shaibu pale mlangoni hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kofia yake. Akasema, "Hayo mafuta ya mashine, shemeji. Yanatoka ardhini huko, ndugu mmoja na mafuta ya taa. Nusa. Na kama bado una shaka, msikiti ule pale, Maalimu yumo. Kamuulize."

Hatua chache tu, Bwana Mhariri. Maalimu alikuwa amekaa anawaona watu wote. Kuuliza hakuvunji mguu. Mimi nikamjibu shemeji yangu, "Wewe ndiye wa kunifundisha najisi?"

Nikazichukua springi mpaka pwani, mahali ambapo watu wote wanaotoka kuswali Adhuhuri wanapita. Nikaziosha kama inavyooshwa najisi ya nguruwe, mara saba, moja kwa mchanga. Mchanga wa ufukweni huo huo! Maji ya kile kisima cha pwani, cha chumvichumvi, tunachofulia nguo! Nikasugua kwa kumbi la nazi, nikasugua kila pete, mpaka chuma kikabaki cheupe kitupu, kinang'aa, hakina hata tone la mafuta. Watu wakapita. "Mashallah, dereva, mcha Mungu wewe." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wa uongo, lakini wao hawakujua.

Na nisisikie mtu anasema dini ndiyo iliyoniponza. Hapana! Dini iliniambia niulize. Kilichoniponza ni kinyaa changu na kupenda kusifiwa. Mcha Mungu angekwenda kwa Maalimu. Mimi nilikwenda kwa watazamaji.

Nikaziegemeza springi kwenye ukuta wa nje zikauke. Sifa zikanilevya, nikaenda kunywa kahawa, kesho yake nikapata safari ya shamba, zikalala nje kwenye umande. Nilipokuja kuzifunga zilikuwa zimeshageuka rangi ya chungwa. Nikazifuta kwa gunia. Shaibu akanishikia mlango kwa gogo huku nikitoa za zamani na kutia mpya, na alipoona gunia limekuwa jekundu aliniangalia tu. Alikuwa mtu wa kusema neno mara moja, harudii.

Ukaingia msimu wa mvua. Nguo haikauki, chumvi ya mezani maji, kuta zinatoka jasho. Springi zangu safi, twahara kabisa, zikaanza kuliwa. Zikawa na vidonda. Kila asubuhi Shaibu akifagia anakuta unga mwekundu chini yake, pande zote mbili.

"Shemeji, springi zinamwaga unga."

"Unga gani?"

"Unga wa chuma. Zinakwisha hizi."

"Wewe fagia."

Kisha ikaja habari kwamba Bwana anarudi. Ningeweza kumwambia, "Bwana, nilikosea, nilifuta mafuta." Angenifokea, pengine angenitoa udereva kwa siku kadhaa, kisha angeagiza nyingine. Basi. Nani hajawahi kufokewa? Lakini mimi niliyejiita jini wa mlango, mimi mcha Mungu wa pwani, nikasimame nifokewe mbele ya shemeji yangu? Aka!

Baba yangu alikuwa fundi wa vyombo, Mungu amrehemu. Nimekulia kwenye deheni. Asiyeijua, deheni ni chokaa iliyochanganywa na shahamu, ndiyo hupakwa tumboni mwa chombo ili kisiliwe na wadudu wa baharini. Ikipakwa inakuwa nyeupe pee, na mbao mbovu iliyo ndani yake huioni tena. Nikakumbuka hilo la mwisho, na hilo hasa ndilo nililolitaka.

Nikatafuta shahamu ya ng'ombe, ilikuwa imeshaoza kidogo. Nikaongeza mafuta ya papa yaliyokaa koponi sijui tangu lini. Nikatia chokaa, na nikazidisha chokaa kavu juu yake, mikono miwili tele, ili iwe nyeupe sana na ionekane ya dukani. Ilinuka! Ilinuka kama kitu kilichokufa chini ya kitanda. Nikaichota kwa mkono huu huu ulioona kinyaa kwa mafuta ya mashine, nikaipaka kwenye kila pete. Mkono haukusisimka safari hii. Nikifikiria hapo ndipo nataka kutapika.

Nilipaka Shaibu amekwenda mazikoni. Aliporudi akasimama mlangoni, pua juu.

"Kuna nini humu? Mbona panatoka harufu ya chombo kilicholazwa pwani?"

"Rangi," nikasema. "Rangi ya chuma, nimeipata kwa baharia wa meli. Inazuia kutu."

"Rangi inanuka papa?"

"Ya Ulaya hiyo, wewe unaijulia wapi?"

Akacheka. Akasema, "Haya, kama ni rangi ni rangi." Aliniamini. Mtu aliyeoza meno kwa kahawa yangu, aliyenipa dada yake, kwa nini asiniamini?

Na Bwana naye alipofika nikampokea pwani. "Shikamoo, Bwana." "Marahaba. Springi zangu je?" "Nimezifunga, Bwana, na nimezipiga rangi." Akaja mpaka bandani, akainua mlango, ukapanda. Akaziba pua kwa shali yake. "Ulaya nako kuna papa?" Sote tukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Akanipiga bega. "Dereva wangu ana akili." Nilitembea siku ile kifua mbele.

Ndani ya ule weupe, Bwana Mhariri, kutu ilikuwa inakula. Chumvi ya mchanga wangu na maji yangu ya kisima ilikuwa imekaa humo humo, na mimi nimeifunika shuka. Kama ningeziacha wazi, mtu angeona ufa. Bwana angeona. Shaibu angeona, macho yake yalikuwa yanaona kitundu cha sindano magharibi inaingia. Nilipaka ili wasione, na kweli hawakuona.

Lakini Shaibu alisikia. Siku moja akaniambia, "Ya kulia inalia, shemeji. Ukiuinua mlango inasema ti, ti, ti."

"Masikio yako yamezibwa na nyuzi za kofia."

"Mimi nakuambia tu."

Ilikuwa imebaki miezi miwili hivi kufika Idi. Shaibu alikuwa ananishonea kofia. Hakuniambia, lakini nilijua ni yangu kwa sababu alinipima kichwa kwa kijiti akidai anapima cha mtu mwingine mwenye kichwa kikubwa. Asubuhi hiyo Bwana alitakiwa afike gatini kumpokea mgeni wa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, na tulikuwa tumechelewa. Kuinua mlango ilikuwa kazi yangu. Lakini mimi nilikuwa nimeshapitia mlango mdogo wa pembeni, nimeketi garini, nimewasha moto, nimeshika usukani kama mtu mkubwa. Nikapiga honi. Nikaita kwa ndani, "Shemeji! Fungua, tunachelewa!"

Nikamsikia anajibu, "Naam, nachomeka sindano."

Akainua. Nikaona mwanga chini ya mlango, miguu yake, ncha ya shuka yake. Halafu, pah! Mlio kama mtu kavunja ubao kwa goti. Mlango ukaanguka chini kwa kishindo, giza likarudi, na ukelele nje.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni nakimbia. Springi ya kulia ilikuwa imekatika karibu na kulabu, kipande kimerukia nje kwenye upenyo wa pembeni, kimempasua nyusi. Shaibu amekaa chini, uso wote mweupe. Mweupe, jamani! Deheni yangu, chokaa yangu, na damu inapita katikati. Mikono anaipapasa hewani.

"Inaunguza! Shemeji, inaunguza! Jicho!"

Mtungi wa maji ya kutawadha ulikuwa pale pale kizingitini. Umejaa. Yeye mwenyewe aliujaza Alfajiri.

Sikuugusa ule mtungi. Nilisikia ndara za Bwana zinakuja mbio uani, na kitu cha kwanza kilichoingia kichwani mwangu ni kwamba Bwana asiuone ule weupe kwa karibu akajua ni chokaa. Nikachukua kitambaa cha kufutia gari, nikamfuta uso. Nikamfuta kwa nguvu, na yeye analia, "Taratibu, shemeji, taratibu," na mimi nasugua, nausugua ule uchafu ndani ya jicho la mtu ili uso wake uwe safi. Bwana alipotokea aliona damu na kutu tu. Nikakitia kile kitambaa mfukoni.

Astaghfirullahi! Naandika, mkono unanuka. Mke wangu anasema haunuki, nimeota. Unanuka.

Gari lilikuwa limezuiliwa ndani na mlango wake wa ajabu, basi tulimbeba Shaibu kwa kitanda cha kamba mpaka hospitali. Dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda, alikuwa mtu mpole, mwenye haraka ya kazi. Akamfunua kope, akaguna. Akaniuliza mimi, kwa sababu Shaibu alikuwa anatetemeka hawezi kusema sawasawa.

"Kimemwingia nini?"

"Chuma. Kutu."

"Kutu peke yake haichomi hivi. Hakuna kitu kingine? Dawa? Chokaa? Niambie kweli, maana kama ni chokaa nitamwosha kwa maji mengi sasa hivi, ndoo na ndoo, mpaka itoke yote. Nikiifungia ndani itakula jicho."

Aliniambia hivyo! Hakuna mtu anayeweza kusema sikujua. Aliniwekea jicho la shemeji yangu kiganjani, akanipa na maelezo yake. Na Bwana alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliziona ndara zake.

Nikasema, "Chokaa hakuna. Kulikuwa na rangi kidogo."

Dresa akamtazama Shaibu. "Ni kweli ni rangi?" Na Shaibu, akikaza meno, akasema, "Ndiyo. Ni rangi. Shemeji ndiye aliyeipaka."

Basi dresa akatoa kibanzi cha chuma, akatia matone, akafunga bandeji safi. Ilipofunguliwa, jicho lilikuwa jeupe lote, limefunikwa utando kama ule wa samaki aliyechemshwa. Bwana akamsafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa daktari mkubwa. Kule wakasema limekwisha, na la pili nalo limeunguzwa kidogo, litabaki la kuonea njia tu.

Alirudi amekonda. Tulimpokea gatini na dada yake. Mke wangu akalia, na Shaibu akawa ndiye anayembembeleza. Njiani akawa anatuchekesha, maskini, kwa habari za Dar.

"Yule daktari mbishi!" akasema. "Eti jicho lako limeunguzwa na chokaa. Nikamwambia chokaa itoke wapi, daktari? Hiyo ni rangi. Akasema naijua chokaa nikiiona. Nikamwambia na mimi namjua shemeji yangu, yeye ndiye aliyepaka, ameniambia rangi, basi ni rangi. Tulibishana mpaka nesi akaja. Akaniuliza, rangi gani? Nikasema hilo nitamuuliza mwenyewe."

Akanigeuzia uso, lile jicho lililobaki linatoka machozi kwa upepo.

"Ilikuwa rangi gani, shemeji?"

Nikasema, "Nimesahau jina lake."

Mke wangu alinishika mkono, akadhani nimeshindwa kusema kwa huzuni.

Haya ndiyo yaliyonikuta, au niseme niliyoyafanya, maana hayakunikuta, niliyafuata. Bwana aliung'oa mlango ule akaweka wa kawaida, wa mbao mbili na bawaba, na mwenyewe huufungua pande mbili kwa mikono yake. Springi nyingine, ile ya kushoto, ilipofunguliwa ilikutwa na ufa pale pale palipokatika mwenzake. Shaibu bado mlinzi. Bado anakaa kizingitini, mgongo ukutani. Mikono ameipakata tu. Kuiona mikono ile imekaa bure ni adhabu yangu ya kila siku, na bado naiona haitoshi.

Kofia yangu haikuisha. Alinipa kabla ya Idi, vitundu vimefika nusu, upande wa pili kitambaa kitupu. "Niwie radhi, shemeji. Nilitaka uivae mwaka huu." Yeye ananiomba radhi mimi! Nimeitundika kwenye msumari chumbani, na mke wangu akiwa anafagia huipangusa vumbi na kuirudisha.

Nilikwenda kwa Maalimu, nimechelewa mno. Sikumwambia yote, nilimuuliza tu habari ya yale mafuta. Akanitazama. "Uliosha mafuta ya mashine mara saba? Na mchanga?" Alitaka kucheka, akaona uso wangu akaacha. Akasema, "Ungekuja siku ile ningekuambia kaendelee na kazi." Basi hilo tu. Neno la kusemwa mtu amesimama mlangoni.

Mke wangu ananiombea dua kila Ijumaa kwa kuwa nilimbeba kaka yake hospitali. Nakaa, nasikiliza, naitikia amina. Niambieni nyinyi, kuna mdudu gani wa chooni anayefanya hivyo?

Wenzangu mnaokaa pwani, mnaofanya kazi na vyuma vya watu, nawaomba. Springi ikija na mafuta yake iache na mafuta yake, na ukiyatilia shaka kaulize kabla hujaosha. Hewa yetu hii haina huruma na chuma kitupu. Ukiona kutu imeuma springi, usiipake, usiifunike, itoe, na mwenzake mtoe naye hata kama anaonekana mzima, kwa sababu wamekula upepo mmoja. Usimwite mtu aje akuinulie kitu ambacho wewe mwenyewe unajua kimeoza. Na ukisimama mbele ya dresa na mgonjwa wa watu, akikuuliza kimemwingia nini, sema! Hata kama tajiri wako yuko nyuma yako. Hata kama mji mzima uko nyuma yako. Kufokewa kunapita na siku ile ile, jicho halirudi.

Mtaniuliza, mbona unatuambia sisi, yeye umemwambia? Hapana. Nimejaribu. Nimekaa naye pale kizingitini mara nyingi, naanza, "Shemeji..." yeye anasema, "Ulikuwa unasemaje, shemeji?" nami nasema, "Jua kali leo." Ndivyo nilivyo mwoga. Ndiyo maana nakuandikia, Bwana Mhariri, nijifungie njia ya kurudi nyuma.

Kwa sababu herufi za gazeti sasa Shaibu hazioni. Meli ikifika, watu wakakaa barazani baada ya Alasiri, anayesoma ni mimi. Nasoma vibaya, nakwama kwama, sauti za watu siwezi kuigiza, lakini anasema anapenda ninavyosoma. Hukaa karibu yangu kabisa, sikio kwangu. Hataki niruke kitu, hata matangazo ya sabuni. Nikiruka anajua.

Nakuomba kichwa cha habari hii ukiache kama nilivyokiandika, na ukipige kwa herufi kubwa. Siku ile atasema kama anavyosema siku zote, "Haya shemeji, anza juu." Nami nitaanzia hapo.